Madabodi Mezani kwa Mama Mkwe

Nyumbani kwetu Mabawe, wilaya ya Ngara, kompyuta haikuwa pambo. Ilikaa chumba cha mbele, mkono wa kulia wa cherehani yangu, na ilileta chumvi, sabuni na ada. Walimu waliingia na mitihani ya kuchapa. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuja kujaza maombi ya mkopo wa HESLB. Wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi serikalini walikuja kwa ajili ya Ajira Portal, na wazee walikuja kuandikiwa barua ya kupeleka kwa mtendaji. Mimi nilishona, kijana wetu wa kwanza alichapa, na dada yake wa kidato cha pili, akitoka shule, alipokea hela na kuandika daftarini. Baba yao alishika migomba na kahawa.

Kompyuta yenyewe haikununuliwa ikiwa nzima. Kijana aliiunga humu humu ndani, kipande kwa kipande. Kasha alilipata kwa fundi aliyekuwa anafunga duka, skrini ilitoka kwa mwalimu aliyehamishiwa Biharamulo, diski alinunua kwa hela ya kulima kibarua likizo nzima, na RAM alizawadiwa na babu yake. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake humo ndani, kwa hiyo siku radi ilipoipiga, nyumba nzima iliumia.

Vuli ya Ngara haina mzaha. Huku ni kwenye vilima, tumepakana na Rwanda na Burundi, na mawingu ya vuli yakishaanza kugongana juu ya vilima hivyo, hujui lini yatatulia. Jioni ile mvua ilikuwa haijafika, upepo tu ulikuwa unapekua majani ya migomba. Mama mkwe alikuwa amefungulia Radio Kwizera kwenye redio yake ya betri. Kijana alikuwa anamalizia kuchapa mtihani wa hisabati wa darasa la nne. Ukapiga mwanga mweupe, na mlio ukaja papo hapo bila nafasi katikati. Taa zikazimika. Kwenye kona ya kompyuta ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Mama mkwe hakuuliza habari ya kompyuta. Aliita wajukuu zake mmoja mmoja gizani mpaka wote wakaitika. Ndipo akasema, "Basi. Hivyo vingine ni vyuma." Usiku ule maneno hayo yalinitosha.

Kulipokucha, baba yao na kijana walilipakia kasha kwenye bodaboda wakalipeleka Ngara mjini kwa fundi. Fundi alifungua akapima kwa mita yake bila haraka. Pawa saplai ilikuwa imekufa. Madabodi nayo imekufa: kapasita zake zilikuwa zimevimba vichwa, na pembeni kulikuwa na alama nyeusi ya moto. Prosesa, RAM na diski alivijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, vyote vikaamka. Kazi za wateja zilikuwa salama. Alikuwa na pawa saplai ya kawaida, yenye plagi kubwa ya matundu 24 na plagi ndogo ya matundu manne, wakainunua pale pale. Madabodi ya kutufaa hakuwa nayo.

Kwa asiyewahi kufungua kompyuta, madabodi ni ule ubao mpana uliofungwa ndani ya kasha, ambako kila kitu huchomekwa: prosesa, RAM, diski, feni, kibodi, skrini. Ndiyo inayoamua kipi kiingie na kipi kikatae. Anayeanza upya huchagua prosesa na madabodi kwa pamoja, vingine vikafuata. Sisi tulikuwa na kila kitu isipokuwa hiyo yenyewe, na kutafuta kwa namna hiyo ni kugumu zaidi, kwa sababu kila kipande ulichonacho kina sharti lake. Kazi ya namna hiyo naijua tangu kwenye cherehani. Mtu akikuletea kitambaa ambacho fundi mwingine ameshakikata, huna tena uhuru wa kuchagua mshono, unapima kilichopo kwanza.

Jioni tulikaa kikao. Baba yao alitaka tununue kompyuta nzima iliyotumika, yaishe. Kijana akaleta bei: mashine nzima ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya madabodi peke yake. Shemeji yangu alikuwa amefika kutoka Benako. Ni mdogo wake mume wangu, na mikono yake inajua mashine. Mwaka 1994, karibu robo milioni ya Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kambi kubwa ikatokea Benako, yeye alikuwa mvulana. Alishinda na mafundi wa jenereta za mashirika, akibeba maji na spana, na ufundi akauokota hapo. Alisema, "Shemeji, vyuma vinafanana. Niachieni mimi, nina namba ya duka Mwanza. Kesho nawapigia."

Baba mkwe, mtumishi mstaafu, alikuwa kimya muda wote. Alipofungua kinywa alisema, "Mimi nilikuwa kazini serikali ilipozizuia mashine hizi." Wajukuu wakadhani babu anatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mashine likaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilidumu miaka kabla ya kulegezwa. "Watu walilaumu chuma," akaendelea mzee. "Mimi nasema ilinunuliwa mashine kabla ya kupatikana mtu wa kuielewa. Sasa niambieni, humu ndani nani ataielewa hiyo mnayotaka kuinunua?"

Macho yote yakamwendea kijana. Naye, kwa heshima ya babu yake, hakujigamba. Binti ndiye aliyejibu. Alisema, "Babu, kila kipande kimeandikwa. Nipeni taa nisome."

Akakaa na daftari la mapato, akafungua ukurasa mpya. Juu ya prosesa kulikuwa na maandishi madogo yaliyochorwa kwenye chuma. Alipoyatafuta kwenye simu ya kaka yake yakaonyesha kuwa ni prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, ambayo hukaa kwenye soketi iitwayo LGA 1150. Namba hiyo ni hesabu ya vidoto vya shaba vilivyo chini ya prosesa, na pini 1150 za kwenye soketi ndizo hukutana navyo. Soketi hiyo ilitoka mwaka 2013. Iliyoitangulia, ya mwaka 2011, ni 1155, na iliyofuata mwaka 2015 ni 1151. Kwa mdomo namba hizo zinasikika karibu karibu, lakini prosesa ya moja haikai kwenye nyingine.

Kwenye RAM palikuwa na karatasi iliyoandikwa DDR3. Hizi zina vidoto 240, na DDR4 zilizoanza kuuzwa mwaka 2014 zina 288. Mkato wa chini wa DDR3 uko mahali tofauti na ule wa DDR4, kwa makusudi, ili mtu asiweze kuchomeka moja kwenye nafasi ya nyingine. Kasha alilipima kwa futi yangu ya kushonea. Lilikuwa la madabodi za maiko-ATX, zisizozidi milimita 244 kila upande. Zile kubwa za ATX, kipimo ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995, zina urefu wa milimita 305 na zisingeingia. Mwisho akaandika plagi za pawa saplai mpya: matundu 24 na matundu manne. Ukurasa mmoja ulitosha.

Shemeji hakuungoja ukurasa huo. Asubuhi, kabla binti hajaenda shule, alikuwa ameshapiga simu Mwanza, ameshaambiwa "inaingia hiyo, kaka, wengi wanachukua," na ameshalipa kwa simu. Nia yake ilikuwa njema. Alikuwa ameona jinsi kijana anavyozunguka chumbani bila kazi, na ada ya muhula ikikaribia. Alitaka kutuokoa upesi.

Mzigo ulikuja kwa basi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mabasi ya Mwanza kuja Geita na huku kwetu hayapangi tena foleni ya kivuko, kwa hiyo kilichopakiwa alfajiri kilifika Benako jua bado liko juu. Shemeji alikileta mwenyewe hadi Mabawe, ndani ya boksi la biskuti lililozungushiwa selotepu. Tulikusanyika. Madabodi ilikuwa safi, ya bluu, bila kapasita hata moja iliyovimba. Baba yao alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu usiku wa radi.

Binti akaweka daftari mezani, akainama na tochi. Pembeni ya soketi, kwenye plastiki, kulikuwa kumeandikwa 1155.

"Tofauti ni tano tu," shemeji akasema. "Iweke, itakaa."

Kijana alishika prosesa kwa ncha za vidole akaishusha taratibu juu ya soketi. Ina mikato miwili midogo ubavuni, na soketi ina meno mawili ya kupokea mikato hiyo. Hayakukutana. Shemeji akanyoosha kidole gumba ili aibonyeze.

"Baba mdogo, tafadhali usikandamize," binti akasema. "Ukikandamiza tutapoteza vyote viwili."

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Kwetu mtoto hamkatazi baba yake mdogo mbele ya watu. Shemeji alirudisha mkono, akasimama, akatoka kwenda kukaa nje kwenye benchi. Baba yao alimwangalia binti kwa jicho ambalo nilijua litafuatiwa na maneno. Mimi nikasema, "Hajakosa adabu. Amesema tafadhali, na ameonyesha kilichoandikwa." Baba mkwe akachukua fimbo yake, akatoka akaenda kukaa benchi moja na mwanawe. Walichozungumza sikukisikia. Ninachojua ni kwamba waliporudi ndani, shemeji alimwambia binti, "Haya mwanangu, nisomee huo ukurasa wako wote. Nataka niujue." Nikaenda jikoni kuchemsha chai, maana koo lilikuwa limenikauka.

Muuzaji alikubali kubadilisha, nauli ya mzigo ikawa juu yetu. Safari hii tuliomba picha kwanza. Zikaja kwenye simu moja baada ya nyingine, na binti akazisoma mbele ya wote huku shemeji akishika daftari. Moja ilikuwa na soketi 1151 na nafasi za DDR4, ikakataliwa. Iliyofuata ilikuwa na soketi yetu na RAM yetu, na bei yake ilipendeza sana. Baba yao akasema hii hii. Binti akaikuza picha, akahesabu matundu ya sehemu ya umeme: yalikuwa manane, mahali ambapo tulitazamia 24. Hiyo ilikuwa imetolewa kwenye kompyuta ya ofisi ya chapa kubwa. Mashine nyingi za aina hiyo huletwa Afrika Mashariki zikiwa zimetumika Ulaya na kwingineko, nazo ni imara. Lakini baadhi zimeundwa na plagi zake peke yake, skrubu za feni zake, na hata waya wa kitufe cha kuwashia wa kwake. Ipo waya ya kubadilisha plagi ya 24 kuwa nane, ila nayo ni ya kuagizwa na kulipiwa, na pengine kitufe bado kingekataa. Bei ya chini ingetufuata na gharama zake.

Hatimaye ikaja picha ya madabodi ya kawaida: soketi 1150, nafasi mbili za DDR3, upana wa maiko-ATX, plagi ya matundu 24 na ya matundu manne. Shemeji alisoma daftari mstari kwa mstari, binti akajibu "ipo" kila mstari. Ndipo hela ikatumwa.

Kufunga kulifanyika mezani kwa mama mkwe, kwa sababu meza yake ndiyo pana na nzito kuliko zote. Alitandua mwenyewe kitambaa chake cha nailoni alipoambiwa kwamba nguo za namna hiyo hukusanya umeme tuli, ule unaokushtua unapovua sweta usiku wa baridi, na kwamba cheche ndogo usiyoiona inaweza kuua kifaa. Kijana alivua sweta. Kila aliyetaka kugusa madabodi aligusa kwanza chuma cha kasha ili umeme huo ushuke.

Ilipotolewa kwenye boksi tukaona tatizo. Soketi ilikuwa imekuja bila ule mfuniko wake wa plastiki. Muuzaji alikuwa ameweka kipande cha kartoni, na kartoni imesogea njiani. Kwenye kundi la pini, mbili zilikuwa zimelala juu ya jirani zake. Pini hizo ni nyembamba kuliko uzi, na zimekunjwa kwa namna moja zote, ili zisukume kuelekea juu. Ikilala moja, prosesa inaweza isiamke, au ikaamka na kusahau nusu ya RAM. Kijana aliangalia akakata tamaa usoni.

Nikamwambia anipishe. Nilichukua sindano ya mkono nyembamba kuliko zote nilizo nazo na miwani ya mama mkwe ya kusomea Biblia, nikaishika juu ya soketi ili inikuzie pini. Binti alishika tochi kwa upande, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha pini isiyo kwenye mstari kwa kivuli chake. Niliingiza ncha ya sindano chini ya pini ya kwanza, nikainyanyua kidogo, nikaacha, nikatazama, nikainyanyua tena. Chuma hicho hakivumilii kukunjwa mara nyingi, kwa hiyo unakipeleka upande mmoja tu na kwa pole. Hakuna aliyepumua kwa sauti. Pini ya pili ilikaa sawa upesi kuliko ya kwanza. Kijana alishusha prosesa, meno na mikato vikakutana, ikakaa yenyewe bila kusukumwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kukaa.

Akafunga kishikio cha soketi, akapangusa mgongo wa prosesa kwa spiriti, akaweka tone la ile krimu ya kupitisha joto katikati, juu yake feni na bati lake la kupoozea. RAM ikaingia mpaka ikalia *tik* pande zote mbili. Halafu tukatafuta zile nati ndefu za shaba ambazo madabodi hukalia ili mgongo wake usiguse bati la kasha. Hazikuwepo.

Kitinda mimba wetu, wa miaka mitano, ndiye alikuwa nazo. Siku zote kasha lilipokuwa wazi alikuwa amezichukua kuwa kete za bao lake la mchangani. Alizileta zikiwa na udongo, akaziosha mwenyewe kwenye beseni, akazikausha kwa gauni lake. Alituona tumefurahi, akataka kusaidia zaidi. Wakati wakubwa tumegeuka kutafuta skrubu, akasokota nati moja kwenye tundu lililokuwa tupu kwenye bati la kasha. Hakuna aliyemwona.

Madabodi ikashushwa, ikafungwa skrubu zake. Plagi ya 24 ikaingia. Plagi ya matundu manne, ambayo hulisha prosesa na ambayo wengi huisahau, binti alikuwa ameiandikia alama ya nyota daftarini, nayo ikaingia. Vile viwaya vidogo vya kitufe cha kuwashia na taa za mbele kijana alivifuata kwa maandishi yaliyo kwenye ubao. Skrini ikaunganishwa. Umeme ulikuwepo. Baba yao ndiye aliyepewa heshima ya kubonyeza.

Feni ilizunguka kidogo, ikasimama. Akabonyeza tena, hivyo hivyo. Akasogea nyuma. "Imekufa?" mama mkwe akauliza. Hakuna aliyemjibu. Kijana alikuwa anaangalia sakafu, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni gauni ngapi nitashona kufidia hela ile.

Shemeji ndiye aliyevunja ukimya. "Jenereta ikikataa kwenye fremu," akasema, "tulikuwa tunaishusha chini, tunaiwasha peke yake. Ikiwaka, ugonjwa uko kwenye fremu. Itoeni kwenye kasha."

Waliichomoa madabodi wakailaza mezani juu ya boksi lake la kartoni, na prosesa yake, feni, RAM, skrini na pawa saplai tu, basi. Kijana aligusisha zile pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi. Feni ikazunguka ikaendelea kuzunguka, na skrini ikaleta maandishi meupe kwenye giza. Binti aliruka. Mama mkwe alisema, "Asante Mungu," kwa sauti ambayo majirani walisikia.

Shemeji hakushangilia. Alichukua tochi akaingiza kichwa kwenye kasha tupu. Akazihesabu nati kwa kidole, akazilinganisha na matundu ya madabodi. Moja haikuwa na tundu juu yake. Ilisimama pale ambapo mgongo wa ubao una viungo vya risasi, na ilikuwa inavigusa. Umeme ulikuwa unapata njia ya mkato kwenda kwenye bati, na pawa saplai, kwa kujilinda, ilikuwa inajizima mara moja. Kujizima huko ndiko kulikookoa madabodi. Shemeji aliisokota nati ile akaitoa, akaiweka kwenye kiganja cha binti. "Andika na hii," akamwambia.

Kitinda mimba aliiona nati akaanza kulia, akasema, "Mimi nilitaka isidondoke." Baba yake alimbeba. Hakuna aliyemgombeza.

Iliporudi ndani ya kasha iliwaka mara moja. Ilibaki shida ndogo moja: kila tulipozima umeme na kuwasha tena, tarehe ilirudi Januari 2014, na tovuti zikagoma kufunguka, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama hulinganishwa na saa ya kompyuta. Hiyo ni dalili ya betri iliyokwisha, ile ya duara iitwayo CR2032, ya volti tatu, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Tuliipata Ngara mjini kwa bei isiyofika nauli ya bodaboda ya kuifuata.

Sasa kompyuta inafanya kazi. Mtihani wa darasa la nne ulichapwa, watoto wakaufanya. Shemeji aliporudi Benako aliondoka na nakala ya ukurasa ule wa daftari, na ameshausomea watu wawili wa huko waliotaka kununua. Baba yao alimwita fundi umeme akachimbia nguzo ya ethi, na hapa ndani kuna amri moja isiyo na mjadala: mawingu yakianza kujikusanya, kabla ngurumo haijafika, plagi inachomolewa ukutani na waya wa skrini nao. Ngara tunajivunia maporomoko ya Rusumo na mtambo wake wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi tunagawana, lakini umeme wa kutosha haukukingi na radi. Swichi kuzimwa peke yake hakutoshi, na hata kifaa cha kukinga si mbadala wa kuchomoa.

Kwa hiyo nakusihi wewe unayetaka kuunga au kufufua kompyuta nyumbani kwako, uwe Mabawe, Rulenge, Nyakahura au kokote ambako duka liko mbali na mzigo unakuja kwa basi. Kabla hujatuma hata shilingi, omba picha, ukahakiki mambo manne: namba ya soketi ilingane na prosesa, aina ya RAM, ukubwa ulingane na kasha, na plagi za umeme zilingane na pawa saplai. Dai soketi ifungwe mfuniko wake. Kubalianeni mapema ni nani atakayelipa nauli mzigo ukirudi. Kabla ya kufunga, hesabu nati za kasha, kila moja iwe na tundu lake juu ya kichwa. Ikikataa kuwaka, itoe nje uijaribu juu ya kartoni kabla hujasema imekufa. Na neno "inaingia" usilipokee kwa mtu yeyote, awe muuzaji au ndugu, mpaka umesoma mwenyewe kilichoandikwa kwenye kifaa. Kama huoni vizuri, yupo mtoto wa shule nyumbani kwako anayeona. Mpe tochi na daftari, umsikilize.